Nani Alikuwa Kwenye Simu Yetu

Mwanzoni mume wangu aliniuliza kwa upole. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, ndipo akaniambia, "Mchana nimepiga simu hapa, inatumika. Nimengoja nikapiga tena, bado inatumika. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Sijaongea na mtu leo. Muulize mama."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Mie nilikuwa uani," alisema. "Ya sebuleni siyajui."

Tulikuwa tunakaa Sinza, mwishoni mwa miaka ya tisini, mie, mume wangu na mama yake. Watoto walikuwa shule ya bweni. Mume wangu alifanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mie nilikuwa karani wa kuchapa serikalini mpaka lilipokuja lile punguzo la wafanyakazi, na kiinua mgongo changu nikakinunulia kompyuta iliyotumika. Chumba cha mbele kikawa ofisi. Nilichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, tasnifu za wanafunzi wa chuo. Simu yetu ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, ya kuzungusha namba, na waya wake mmoja ulipita ukutani hadi kwenye kompyuta ili niweze kutuma barua pepe za wateja.

Siku zilizofuata swali likawa lile lile, upole ukapungua. Mie nikamshuku mama mkwe. Ana dada yake Kawe, na wale wakikutana kwenye simu huanza na harusi ya mtu wakamaliza na mazishi ya mwingine. Nikasema labda anaongea nikiwa na wateja, halafu ananiachia msala. Basi asubuhi moja niliifunika simu kwa kitambaa, nikakunja pembe moja kwa namna ninayoijua mwenyewe. Jioni nikaenda kuangalia. Pembe ilikuwa vile vile. Mume wangu akaingia, akasema simu imeshinda inatumika.

Hapo nikamshuku yeye. Nilijiuliza kama kweli anapiga. Sinza ile ya baa na gesti kila kona, mwanamume anayetaka kutoka jioni anachohitaji ni ugomvi tu nyumbani. Nikaanza kumtazama anavyofunga vifungo vya shati. Nikanusa kola. Sikupata kitu, na kutopata kitu hakukunituliza.

Aliyetufikisha pabaya ni mama mkwe, mezani, tunakula.

"Mwanangu, siku umeme ukikatika, simu huwa unaipata?"

Mume wangu akaacha kutafuna. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali, kwa hiyo siku za kufikiria zilikuwa nyingi. "Naipata," akasema taratibu. "Hata juzi niliipata. Mama, wewe ndiye uliyepokea."

"Basi." Akamega tonge. "Umeme ukikatika mwenzio hana kazi, anakwenda sokoni. Nyumbani nabaki mie."

Alichosema kilikuwa kweli. Siku za giza nilikwenda sokoni, na siku za giza simu ilipatikana. Mume wangu hakunitazama tena mpaka tulipoondoa vyombo.

Kesho yake alikuja na kikufuli kidogo cha shaba, vile vilivyofungwa kwenye simu za maofisini ili watu wasizungushe namba. Akakipachika kwenye tundu la simu, ufunguo akautia kwenye bunda la funguo zake. Mteja mmoja, mama mtu mzima, aliponiomba apige simu mara moja, nilimwambia simu mbovu. Akaitazama ile kufuli, akanitazama mie, akasema, "Pole mwanangu."

Na bado simu iliendelea kutumika.

Haikupita wiki, mume wangu akatokea nyumbani mchana, tai imelegea, shati limelowa jasho. Alikuwa amepiga kutoka kwenye kibanda cha simu pale kona, akasikia inatumika, akakata, akaja mbiombio. Mie na mama yake tulikuwa uani tunachambua mchicha. Mteja hakuna. Alitupita bila salamu akaingia sebuleni.

"Njooni hapa," akaita.

Tulimkuta amesimama mbele ya simu. Kufuli ilikuwa mahali pake. Mkononi alishika mkono wa simu, ameuweka mbali na sikio, na hata sie tuliosimama mlangoni tuliusikia mlio: mkali, wa kukwaruza, kama redio inapotafutiwa stesheni, na ndani yake kitu kinahangaika.

"Irudishe," mama yake akasema. Akairudisha. Akaiinua tena. Mlio ulikuwepo.

"Tunasikilizwa," akanong'ona.

Mama mkwe alivuta khanga kichwani. "Zamani mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anasimama chini ya dirisha. Sasa wameingia kwenye waya?"

Mume wangu alikuwa amebadilika rangi. Kazi za bandarini zina maneno mengi, na nilimwona anarudia kichwani kila alichowahi kukisema kwenye simu ile. Ni mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kuona hofu yake inaelekea kwingine.

Mie nilikuwa nautazama waya. Niliufuata mpaka ukutani, nikazunguka hadi chumba cha mbele. Kompyuta niliiacha imewashwa. Pembeni yake modemu, yaani kile kijisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, taa zake nyekundu zilikuwa zinawaka na kuzimika harakaharaka, na sauti fundi aliyetuuzia aliizima siku alipoifunga ili isiwasumbue wateja. Nikachomoa waya.

"Sikiliza sasa!" nikapaza sauti.

Mume wangu akasema, "Imeacha. Inalia kawaida."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na lile tangazo dogo la Kiingereza nililolizoea. Lilinieleza kwamba programu yangu ya kupambia kadi za harusi ina toleo jipya, je, nalitaka sasa au baadaye? Vitufe vilikuwa viwili tu, hakukuwa na cha kukataa. Kwa miezi nilibonyeza "baadaye" kama mtu anayefukuza nzi. Sikujua kwamba kila mara kompyuta inapowaka, kitu kile hupiga simu chenyewe kwenda kuuliza kama kuna jipya, na kinaporudishwa kwa "baadaye", baada ya muda kinapiga tena.

Tulimwita fundi, rafiki wa mume wangu aliyetuuzia mashine. Alicheka.

"Ni kawaida, shem. Inaangalia tu kama kuna toleo jipya."

"Inamuuliza nani?"

"Wenyewe. Waliotengeneza."

"Na ikiwapata inawaambia nini?"

"Haiwaambii kitu."

"Umejuaje?"

Akaacha kucheka. Mie nilikuwa nachapa talaka za watu, barua za kuwashitaki ndugu juu ya viwanja, na maombi ya msaada ya wagonjwa walioeleza magonjwa yao yote. Watu walinong'ona wakinisomea, hali mlango umefungwa. Nikamwambia kitu kile kiondoke. Akasema niwe mwangalifu, nikikitoa programu nzima inaweza kuharibika, bora nimwachie aje siku nyingine atulie nayo. Nilimtazama usoni nikashindwa kujua kama ananionea huruma au anajitafutia kazi.

Jumapili nilikaa nayo mwenyewe, mume wangu amevuta kiti nyuma yangu. Pale chini kwenye kona, karibu na saa, kulikuwa na alama ndogo ya kengele iliyokuja na lile tangazo. Nikaibonyeza, nikapata njia ya kuifunga, kengele ikapotea. Tukafurahi. Nilipozima kompyuta na kuiwasha upya, kengele hiyo hapo.

"Inajirudisha," mume wangu akasema kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi.

Nikatafuta orodha ya vitu vinavyojiwasha pamoja na mashine. Nikaikuta kengele humo, nikaifuta. Tukawasha upya. Safari hii haikuonekana, tukanywa chai. Nilipofungua programu ya kadi, ikarudi. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na mwisho kabisa nikakuta alama ya vema pembeni ya maneno yanayoiruhusu itafute matoleo mapya bila kuuliza. Sikuiweka mie. Nikaitoa, kisha nikaenda kwenye sehemu ya kuondoa programu, nikakikuta kile kitangazaji kina jina lake peke yake, nikakiondoa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Mume wangu akajibu kabla yangu: "Ana uhakika!"

Tuliwasha upya mara kadhaa siku ile. Kona ilibaki na saa tu, na kadi za harusi ziliendelea kutoka vizuri kama kawaida. Lakini tangu hapo waya wa modemu niliuchomeka pale tu nilipokuwa na barua ya kutuma.

Mume wangu aliifungua ile kufuli jioni hiyo, akaitupa kwenye droo. Mama mkwe alielezwa yote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mashine ipige simu yenyewe, hata bila mtu?" akaenda zake kuswali. Sijui kama aliamini.

Tulipobaki wawili nilimuuliza mume wangu, "Ulidhani naongea na nani?"

"Yaishe, mama watoto. Nimekosa."

"Nataka kujua tu."

Mwisho akamtaja mwalimu mmoja niliyekuwa namchapia tasnifu, mtu wa miwani minene aliyekuja kila sura ikikamilika, akasahihisha nukta na mkato kwa penseli, akaenda. Sikuwahi hata kumwona akitabasamu. Nilicheka, halafu nikaona mume wangu hacheki, nikaacha.

Yule mwalimu alikuja wiki ile kuchukua sura ya mwisho. Mume wangu alikuwepo. Alimkaribisha kwa heshima kubwa, akamletea chai mwenyewe, akaketi naye, akamuuliza habari za masomo na za familia. Alikaa pale na gazeti, hakugeuza hata ukurasa mmoja, mpaka mwalimu akaaga, akamsindikiza hadi barabarani.