Dainamo ya Baba

Sikiliza, nikueleze. Dainamo ni kifaa kidogo cha chuma kinachoegemea tairi la baiskeli. Tairi likizunguka, taa inawaka. Hakuna mafuta, ni miguu tu. Juzi, kwa fundi wa baiskeli pale Kamukuywa, nilinusa mpira uliopata moto, nikaikumbuka dainamo ya baba.

Alikuja nayo kutoka mashambani Kitale. Nyumba ya nyanya haikuwa na dirisha, na nyanya alisema giza hilo ndilo linalomzuia kumwona mtoto wetu mchanga, aliyepewa jina lake. Baba akaingiza baiskeli ndani, akainua gurudumu la nyuma kwa stendi, akapanda na kukanyaga.

Mwanga ulijaa mpaka nikaona masizi kwenye nyasi za paa. Mama akampakatisha nyanya mtoto, mbele kabisa ya taa.

“Washa basi, mwanangu,” nyanya alisema.

“Si imewaka, mayi,” baba alimjibu mama yake.

“Kanyaga vizuri. Bado ni giza.”

Mama alicheka. “Baba watoto, kwa mwendo huo umeshafika Kitale.” Kisha akamtazama nyanya machoni. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa ukali wa mwanga. Ya nyanya yalikuwa wazi, yameikabili taa yenyewe.

“Ongeza kidogo tu.”

Baba akaongeza, jasho likimdondoka, mpaka balbu ikaungua.

“Mbona umesimama kabla haijawaka?” nyanya aliuliza.

Nawe ukipata dainamo, kanyaga polepole. Taa ikishawaka, usiongeze mwendo.