Mkasi wa Shangazi na Kihispania cha Meneja

Shangazi yangu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hoteli, kule chini kabisa, ambako mvuke wa pasi hufanya hata ukuta utoke jasho. Alinyoosha mashuka na kushona vifungo vya wageni. Mkasi wake mweusi wa chuma alikuwa ameununua mwenyewe, na hata sisi watoto wa kaka yake hatukuthubutu kuugusa. "Mkasi wa nguo ukikata karatasi, umekufa," alikuwa akituonya.

Mwaka ule wageni wengi wakawa wasemaji wa Kihispania. Meneja akaamuru wafanyakazi wote wajifunze kuomba vitu kwa adabu kwa lugha hiyo, kila Jumatatu mchana, na mwalimu akawa yeye mwenyewe. "¿Me presta el bolígrafo, por favor?" waliitikia kwa pamoja. Yaani, tafadhali niazime kalamu. Shangazi ana kichwa chepesi. Wiki ya tatu alikuwa anaazima mwavuli, kiti na pasi bila kujikwaa ulimi.

Lakini meneja huyohuyo hakuwahi kumwomba mtu kitu. Kalamu aliichomoa mfukoni mwako huku unamtazama. Kiti alikivuta ukiinuka tu kunywa maji. Alhamisi moja shangazi alitoka msalani akakuta mkasi haupo. Aliutafuta hadi saa tisa, akaukuta ofisini, meneja anaukatia maboksi. Ncha moja ilikuwa imevunjika.

"Bosi, huo ni mkasi wangu!"

"Ah, mama, mkasi tu? Utanunua mwingine."

Shangazi akauchukua mkasi wake, akaondoka.

Jumatatu, meneja akamwita mbele ya wote. "Haya mama, niombe mkasi kwa Kihispania."

"Leo sikuombi," shangazi akasema. "Unatubebea vitu vyetu kama unaokota kuni porini, halafu unatufundisha adabu? 'Tafadhali' unaijua kwa lugha ya wageni tu? Ya kwetu imekukwama kooni?"

"Unanivunjia heshima!"

"Na wewe umenivunjia mkasi!"

Kesho yake akapewa barua ya onyo. Mpishi aliposikia, alipanda ofisini na aproni yake. "Na mimi niandikie. Kisu changu ulikichukua tangu mwezi uliopita." Akafuata mfagizi, kisha wanaotandika vitanda, mpaka foleni ikafika ngazini. Meneja akaichana barua.

Wiki ileile mkasi mpya ukaletwa mezani kwa shangazi, umefungwa kwenye gazeti, bila neno. Akaurudisha. "Mwenyewe ana mdomo," akamwambia aliyeuleta.

Ijumaa meneja akashuka mwenyewe, akasimama kwenye mvuke, miwani imeingia ukungu. "Samahani, mama. Nilichukua bila kuomba, nikauharibu."

Shangazi aliupokea mkasi kwa mikono miwili. Ila hakumwambia "si kitu", kama tulivyozoea.

"Ningesemaje si kitu," aliniuliza alipofika nyumbani, bado amekunja uso, "na kilikuwa kitu?"