Ampuli za Volti Sita za Motokari ya Hospitali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika garaje moja ya Mulekera, Beni, vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Chef wa atelye, fundi mkuu wetu, alinipa ampuli, balbu ya taa ya mbele, akaniuliza:

"Kavira, iko ya volti ngapi?"

Nikaiinua nitazame kioo.

"Hapana kuangalia kioo. Soma kitako."

Pale kwenye chuma paliandikwa volti na wati. Akanionyesha nyuzi mbili ndani, moja ya mwanga wa mbali na moja ya mwanga wa chini, na meno matatu, moja pana kuliko mengine, yanayoishika ampuli mahali pake.

Baadaye nikapelekwa Butembo, garaje ya hospitali. Askari walikuwa wamechukua magari yote isipokuwa moja, la zamani kuliko mimi. Taa zake ziliwaka nyekundu kama makaa yanayozimika. Mkuu wa usafiri, mzee asiyecheka ovyo, akaniambia:

"Dinamo tulibadirisha mara mbili. Ile motokari ilikufa, mama. Hata basoda balikatala kuiiba."

Nikafungua boneti. Bateri ilikuwa na vifuniko vitatu. Kila kifuniko ni volti mbili, donc, basi, zote volti sita. Nikatoa ampuli, nikasoma kitako: kumi na mbili.

"Mukubwa," nikasema, "motokari iko muzima. Balimuvalisha biatu ya mutu mwingine."

Mjane mmoja wa mtaa wa Vulamba alikuwa na lori bovu la marehemu mumewe, la volti sita vilevile; nikamwendea kuomba ampuli.

"Kamata, mwana wangu," akasema. "Hapa inaoza bure."

Nikapata ampuli mbili nzima, zenye meno yaleyale. Nilipozifunga tukaelekeza motokari ukutani, na taa ya kushoto ikamulika paa. Nilikuwa nimeiweka kichwa chini. Nikaona aibu, nikaigeuza, jino pana likakaa juu. Mwanga ukashuka.

Asubuhi iliyofuata, fonia, redio ya hospitali, ikaita: mama mmoja wa Alimbongo yuko katika uchungu siku ya pili, mtoto hatoki. Nilipanda pamoja na shofere, dereva wa hospitali. Kule juu ukungu ulifunika barabara mchana kweupe. Shofere akawasha mwanga wa mbali. Mbele yetu kukawa ukuta mweupe.

"Teremusha mwanga," nikamwambia.

Akashusha, na kingo za barabara zikaonekana. Tukamchukua yule mama, tukarudi naye polepole, bila kusimama. Munganga, daktari wa hospitali, alimpasua jioni ileile. Mtoto alilia, mama akamsikia.

Mkuu wa usafiri alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

"Tangu leo, hapa garaje, chef ni weye. Na miye nitakuita vile."

Aliniita hivyo mpaka alipoacha kazi.

Sasa nami nimestaafu. Macho yamechoka, vidole vina makovu ya moto. Lakini vijana wangu, katika miaka yote ile ya vita, motokari nyingi zilipita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyotoka kwangu kipofu.