Herufi Kubwa za Baba

Wenzake ofisini walimwita Bawabu, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kulinda seva ya barua pepe ya chuo, na barua taka alizichukia kama kunguni. Barua yoyote iliyoshukiwa, seva iliipokea kimyakimya kisha ikaifuta. Mkuu wake alimshauri kwamba ni heri zikataliwe mlangoni, ili mtumaji ajue hazikufika. Bawabu akacheka, akamuuliza tangu lini mwizi akapewa taarifa.

Nyumbani kwao alikuwa na donda lake. Baba yake, mwalimu mstaafu, alimkataa mchumba wake mbele za watu, naye Bawabu, bintiye, akaondoka bila kuaga. Mwaka mzima alisubiri neno moja tu kutoka kwa mzee. Aanze yeye kupiga simu? Thubutu! Ukaidi huo aliurithi kwa mzee mwenyewe.

Mzee akafariki hawajasemezana.

Baada ya mazishi, mama yake alimketisha kitandani, akamuuliza taratibu:

"Mwanangu, barua zote tatu za baba yako, hata moja ulikosa la kumjibu?"

"Barua gani, mama?"

Mama akaeleza. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, kwa hiyo aliandika barua pepe kwenye simu kwa herufi kubwa tupu, apate kuona anachoandika. Hakumsomea mtu. Alituma kwenye anwani ya bintiye ya chuoni, akangoja, akatuma tena. Kabla ya kulazwa alizifuta zote, akasema mtoto bado ana kinyongo, tumwache.

Jumatatu Bawabu alifungua kumbukumbu za seva. Alikuta tarehe tatu, anwani ya baba yake, na sababu ya kufutwa: herufi kubwa kupita kiasi. Kanuni hiyo aliitunga yeye, na siku ile alijisifu sana. Maneno ya mzee hayakuwepo popote. Alilia palepale mezani, wenzake wakimtazama.

Alipotulia, alibadilisha mpangilio: barua ya kushukiwa ikataliwe mlangoni, irudi na maelezo. Kisha akatoa mkobani simu ya marehemu, aliyopewa na mama, akajiandikia mwenyewe: NISAMEHE BABA. Akatuma.

Haikuchukua dakika, jibu likarudi kwenye simu ile ya mzee: "Barua hii haikupokelewa. Uliyemwandikia hajaiona. Tafadhali mtafute kwa njia nyingine."

Aliisoma mara tatu. Angeipata hii, mzee angejua kwamba mwanawe hakumnyamazia.