Askari Aliyezikwa kwa Sababu ya Kofia ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na kosa kubwa la maisha yake alilitenda kwa huruma. Nalitaja mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Asubuhi ile waasi waliposhambulia mtaa wetu wa Carama, askari kijana aliingia uani kwetu ameshika tumbo, damu inamtoka. Kikosi chake kilikuwa kimezuia njia tangu alfajiri ili sisi raia tupate kukimbia. Baba hakujiuliza mara mbili.

"Vua tenue, mutoto wangu," alimwambia, akimfungua vifungo vya sare ya jeshi. "Bakikuona nayo, banakumaliza."

Alimvika kanzu yake ya Ijumaa na kofia, tukamlaza mkokotenini kama mgonjwa wetu. Waasi walitusimamisha, wakamtazama, wakatupisha. Baba akarudi kumchukua bibi yangu aliyebaki nyumbani. Mimi na mama tukasukuma mpaka mtaa wa Buyenzi. Kijana alikata roho karibu na msikiti. Waumini waliona kanzu, wakaona kofia, wakamwosha na kumsalia. Shingoni hakuwa na hata msalaba wa kuonyesha dini yake. Mama alinibana mkono nisiseme kwamba ni askari. Nikanyamaza, akazikwa kama mtu wetu.

Wanajeshi waliporudi Carama walikuta tenue yake uani, mwenyewe hayupo. Wakubwa wake wakamwandika mtoro.

Baada ya miezi kadhaa mama wa kijana alitufikia, rozari mkononi, akiuliza nyumba kwa nyumba.

"Muzee, ni kweli mutoto yangu alikimbia?"

"Apana, mama. Mi ndiye nilimuvua tenue."

Nilidhani atamlaani. Alikaa chini tu, akaomba maji.

Baba alikwenda kambini mara nyingi, akarudi kila mara amenuna. Walitaka shahidi wa kikosi, na wachache waliopona hawakumwona akipigwa risasi. Maneno ya fundi mwenye grisi mikononi nani angeyasikiliza? Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, waliopona husimama na medali zao, mmoja kwa magongo, na majina ya waliokufa husomwa. Nawaheshimu, maana tuko hai kwa sababu yao. Orodha ikiisha, mama yule huinuka akataja jina la mwanawe. Baba alikuwa akimjibu kwa sauti mbele ya wakubwa wote: "Hakukimbia!"

Sasa Baba amelala makaburi yale yale, hatua chache kutoka kwa kijana. Mwaka huu mama yule alitaja jina, akageuka kunitafuta. Nilijibu mimi, niliyenyamaza msikitini.