Waliotufundisha Tusiwasikilize Wazazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipangiwa wodi ya wazazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya niliowakuta pale wangali hai. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, gauni langu jeupe limepigwa pasi mpaka kola inanikwaruza shingo. Muuguzi Mfawidhi, yaani muuguzi anayesimamia wenzake wote wodini, alinikagua kuanzia kofia hadi viatu, kisha akanipeleka leba, chumba cha kujifungulia. Humo alikuwamo binti wa mimba ya kwanza, ameshikilia chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Aliponiona akaniuliza, "Sista, uchungu ndivyo ulivyo hivi, au kuna kitu kimeharibika?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Mfawidhi akaninyooshea kiganja.

"Wewe umeajiriwa kuzalisha, hukuajiriwa kupiga soga," alisema. "Ukianza kuwasikiliza hawa, kila mmoja atakuletea hadithi yake na kazi italala." Kisha akamgeukia yule binti. "Na wewe nyamaza. Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulituuliza?"

Wauguzi wenzangu wakacheka. Yule binti alifunga mdomo na hakuufungua tena mpaka mtoto anatoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni. Nimewasimulia watu wengi jambo hili, na wengi hunijibu kwamba enzi zile ndivyo mambo yalivyokuwa. Jibu hilo silikubali. Binti aliuliza swali la haki kabisa, swali ambalo mtu yeyote angeuliza kama mwili wake ungekuwa unapasuka. Alijibiwa kwa tusi na mtu aliyekuwa analipwa mshahara amtunze.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, Mluguru, mzaliwa wa milima ya Uluguru. Mnaoanza kazi sasa mna mashine na dawa ambazo sisi hatukuziona. Nawaandikia ninyi, na nawaomba radhi kama nitapandisha sauti mahali fulani.

Kituo changu cha pili kilikuwa upande wa Turiani. Matroni wa huko alikuwa mama mnene, mkali kwetu sisi wauguzi, lakini si kwa wazazi. Siku hizo moyo wa mtoto aliye tumboni tuliusikiliza kwa kipembe, bomba fupi lililopanuka upande mmoja. Upande mpana unauweka tumboni kwa mama, upande wa pili unautegea sikio. Nilikuwa nimeinama na kipembe changu, najivunia ufundi wangu, Matroni akaja kusimama nyuma yangu.

"Mtoto umemsikiliza," alisema. "Mama yake umemsikiliza saa ngapi?"

Wazazi wa huko wengi walikuwa wake za wakata miwa na wakulima wa mpunga, wanawake waliohamia kutoka mbali, wasio na mama wala shangazi karibu. Matroni alifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Waliokwisha kujifungua aliwaruhusu wakae na waliokuwa wanangojea. Basi wodi ile ilikuwa na kelele kama soko. Huyu anaeleza namna matiti yalivyomjaa yakawa mawe, akayakanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Yule anasimulia mtoto wake aliyelala mchana kutwa na kuamka kila taa inapozimwa. Mwingine anamwiga mumewe aliyeona damu akaanguka chali, ikabidi ahudumiwe yeye kwanza. Walicheka mpaka wakashika matumbo. Na wale wa mimba ya kwanza, waliokuja wakitetemeka, waliingia leba wakijua kitakachowapata. Walikuwa wakiniita mapema. "Sista, njoo, naona kama yule mwenzangu alivyosema." Hilo neno "mapema", kwenye kazi yetu, ndilo linalotenganisha uzima na msiba.

Kisha nikahamishiwa kwetu milimani, kwenye zahanati iliyo juu zaidi ya Matombo, mahali ambapo gari lilifika kiangazi tu, tena kwa kubahatisha. Mkuu wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, kijana mwenye shati safi na hasira ya kupangiwa mlimani. Alipenda kuitwa Daktari, nasi tulimwita hivyo.

Siku ya kliniki, wajawazito na wenye watoto wachanga walishuka kutoka vitongojini, wakakaa kwenye mabenchi chini ya banda la bati. Kabla ya vipimo, muuguzi alitakiwa kutoa elimu ya afya. Ilikuwa hotuba tupu. Unasimama mbele, unawaambia wale mayai na wanywe maziwa, nao wanakutazama kwa heshima huku wakijua, nawe ukijua, kwamba mayai ya kuku wao yameshafika Mkuyuni sokoni. Nilivumilia hotuba hizo muda mfupi tu. Siku moja nikakaa nao benchini nikasema, "Leo mimi sina neno. Semeni ninyi. Nani alipata shida akijifungua, na alijuaje kwamba ni shida?"

Walianza taratibu, wakitazamana. Baada ya kliniki chache banda likawa linajaa hata wasio na zamu. Wakaja na akina baba, jambo lililowashangaza wengi. Kati yao alikuwapo Baba Kandida, mkulima wa ndizi na mdalasini, ambaye mtoto alimbeba mwenyewe kwa kitenge mgongoni bila kujali nani anacheka. Mkewe, Mama Kandida, alikuwa mwanamke wa maneno machache.

Nakumbuka asubuhi ambayo Baba Kandida alisimama kusema. Alianza kwa kuwaamkia wakubwa, kisha akashika ncha ya kitenge.

"Huyu Kandida si wa kwanza," alisema. "Wa kwanza tulimzika. Mama yake alilalamika kichwa. Akasema macho yanaona vimulimuli. Uso ulivimba, mimi nikamwambia amenenepa vizuri. Tukasema ni jua la shamba, akapumzike. Hakupumzika, jamani. Alianguka, akakaza mwili, akatoa povu mdomoni. Watu wakasema amerogwa. Yeye Mungu alimnusuru. Mtoto hapana."

Alichokieleza ni kifafa cha mimba, ugonjwa unaoanza na presha kupanda na usipozuiwa huleta degedege, na mara nyingi kifo. Nilikuwa nimeuhubiri ugonjwa huo mara nyingi mbele ya wanawake hao hao, nao wakapiga miayo. Safari hii kina mama walikuwa wameinamia mbele kwenye mabenchi yao. Nikanyanyuka nimuulize swali, ili aendelee kueleza.

Mlango wa zahanati ukafunguka. Daktari akatoka, stethoskopu shingoni.

"Mzee, kaa chini," alimwambia Baba Kandida. "Hapa ni zahanati, si baraza la kijiji. Unawatisha wajawazito kwa habari za povu." Akanigeukia. "Na wewe Sista, serikali imekusomesha ili wakulima wafundishe badala yako? Tawanya huu mkutano. Waliokwisha kuonwa waende nyumbani."

Nilimwambia, "Daktari, mtu huyu anaeleza dalili za hatari vizuri kuliko bango letu la ukutani."

"Nimesema tawanya."

Baba Kandida alifunga kitenge chake vizuri, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Mtu mzima, aliyefungua kidonda chake mbele ya watu ili wengine wapone, anafukuzwa kama mtoto aliyeingia jikoni bila ruhusa. Hata leo ninapoandika, nasikia joto usoni.

Basi njiani, kama walivyonisimulia baadaye, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, walikuwa wakifuatana na binti mmoja, Getruda, mwenye mimba iliyokaribia kutimia. Getruda alikuwa ameonwa na Daktari asubuhi ile. Alimwambia kichwa kinamgonga, akapewa vidonge vya maumivu akaambiwa asiwe mdekaji. Presha hakupimwa. Walipofika kwenye mawe ya mto aliketi, akamwambia Mama Kandida kwa sauti ndogo, "Mama, yale aliyoyasema Baba Kandida, mimi ninayo. Hivi sasa nakuona uko wawili."

Mama Kandida, yule wa maneno machache, akapiga yowe milima ikaitika. Mumewe akamkabidhi mtoto, akamwinua Getruda, wakampandisha kilima walichotoka kukishuka.

Walipofika, Daktari alikuwa kwenye kizingiti. "Huyu nimeshamwona," alisema.

"Mimi sijamwona," nikamjibu, nikampita.

Nilimfunga kitambaa cha mashine ya presha mkononi. Mshale ulisimama mahali ambapo mkunga hapendi kuuona. Nilimlaza ubavu wa kushoto, nikamdunga sindano ya magneziamu, dawa ya kuzuia degedege lisije. Wakati naidunga, vidole vyake vilikwisha kuanza kurukaruka. Daktari aliingia akasimama miguuni pa kitanda, akatazama mashine, rangi ikambadilika. Angalau alimwekea Getruda dripu, na mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo. Sitamnyima haki yake.

Ilibaki kumfikisha hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Barabara ilikuwa matope, gari lisingeweza kupanda. Hapa pia nina la kusema. Kwenye semina zote nilizohudhuria tuliambiwa kikwazo kikubwa huku kwetu ni mila. Kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba asipokubali, mgonjwa haendi. Mjomba wa Getruda alifika mbio, jembe bado liko begani. Nilimwamkia, nikamweleza kwa maneno machache.

"Kwa hiyo tunangoja nini?" aliuliza.

Alitupa jembe, akashika mti wa mbele wa machela. Baba Kandida akashika wa nyuma. Wanaume wengine wakapokezana, na mume wa Getruda akitembea kando akimsemesha mkewe ili asilale. Mimi nilifuata na begi la dawa, nikiteleza kwenye udongo mwekundu. Mila hazikumchelewesha binti yule. Aliyemchelewesha alikuwa amevaa koti jeupe.

Chini, kwenye barabara kuu, tulipata gari la mizigo ya ndizi, dereva akashusha mikungu bila kubishana. Mjini walimpasua jioni ile. Alizaliwa mvulana mdogo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Getruda alipona. Alikaa hospitali mpaka presha ikashuka, akarudi mlimani kwa miguu yake.

Mngedhani yaliishia kwa furaha. Haukupita muda, Mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya alikuja zahanati, wanakijiji wakaitwa. Akampongeza Mganga Mfawidhi hadharani kwa kugundua kifafa cha mimba mapema na kuokoa maisha ya watu wawili. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Daktari aliinamisha kichwa akayapokea. Nilitazama walipokaa Baba Kandida na mkewe, mstari wa nyuma kabisa. Hakuna aliyewataja.

Nikasimama. "Mheshimiwa Mratibu, aliyegundua ni Getruda mwenyewe. Alijua kwa sababu Baba Kandida alisimulia. Na Baba Kandida alifukuzwa hapa akiwa anasimulia."

Mratibu alitabasamu. "Sista, tusiharibu siku njema."

Baada ya hapo nilihamishwa. Sababu niliyopewa ni kwamba nashindwa kufanya kazi na viongozi. Nilifunga virago vyangu huku nimeuma meno. Asubuhi ya kuondoka, Getruda alikuja na mtoto mgongoni na mkungu wa ndizi kichwani, akanisindikiza mpaka njia panda. Aliniambia kwamba wazazi wameanza kukutana wenyewe kila Jumapili baada ya misa, nje ya kanisa, na kwamba yeye ndiye aliyepewa zamu ya kuanza kusimulia. Nililia, na si kwa huzuni.

Nilimaliza utumishi wangu nikizunguka vituo vingine, nikabishana na wakuu wengine. Kwenye sherehe ya kuniaga, mgeni rasmi alinisifu kwa utii. Wenzangu waliangua kicheko, nami nikacheka, ila moyoni niliumia. Mtu anafanya kazi maisha yake yote, halafu anasifiwa kwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho wala kukitaka.

Sasa naishi mjini na mwanangu na mkewe, Neema. Mwaka jana walipata mtoto wa kwanza. Wiki baada ya kujifungua, Neema alianza kukaa akitazama ukuta. Mtoto akilia, na yeye analia. Akasema anaogopa kubaki naye peke yake. Majirani walisema mabinti wa siku hizi wavivu. Tukamrudisha kliniki, mwanangu kambeba mtoto. Muuguzi, binti mzuri, kucha zimepakwa rangi, alimpima mtoto uzito, akaandika, akasema bila kuinua macho, "Mtoto mzima. Mama aache kudeka. Anayefuata!"

Mwanangu akaanza kuinuka. Mimi sikuinuka.

"Mwanangu," nikamwambia yule muuguzi, "mtoto umempima. Mama hujamuuliza kitu."

Akanitazama. "Bibi, shikamoo. Kwani wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ni mkwe wake, sina la kusema. Mwenye la kusema ni yeye. Muulize."

Foleni ilikuwa ndefu, na watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Muuguzi alishika kalamu, akaiweka chini. Akavuta kiti chake kikaja mbele ya meza, akakaa goti kwa goti na Neema.

"Haya, dada," alisema. "Niambie. Unajisikiaje?"

Neema akaanza kusema. Mama mmoja kwenye foleni, mwenye pacha mapajani, akasogea karibu akasema, "Hata mimi ilinipata hiyo," na nyuma yetu kelele za kuguna zikakoma.