Bahasha za Nywele Kharumwa

Dada yangu, Mama Kabula, alinipigia simu nikiwa Masasi kwenye mashamba ya korosho ya watu. "Njoo," alisema. "Mpwa wako anaokota nywele za watu na kuzificha chini ya kitanda." Akakata simu. Kwetu Usukumani, mtu akichukua nywele zako kwa siri, hakuna anayedhani anataka kushona mto; watu huwaza uchawi.

Siku mbili ziliishia barabarani. Ya tatu, saa nane mchana, tulipita Samuye, nilikochunga ng'ombe wa babu. Nilibandika uso kwenye kioo nikilitafuta lambo tulimokuwa tukiogelea. Nililiona, au niliona lingine. Basi halikusimama. Nikalala Shinyanga mjini, asubuhi nikashika njia ya Kahama, na Ijumaa jioni nikaingia Kharumwa nikiwa mwekundu kwa vumbi.

Nilikuwa napafahamu. Ujanani nilifanya kazi huko kwenye mialo, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, nikiukanda na zebaki kwa mikono mitupu.

Kabula, aliyekuwa kidato cha tatu, alinipokea begi. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia marahaba huku nikiangalia vidole vyake. Sitaficha nilichowaza: kuna mganga, au tajiri fulani wa machimbo, anayemtuma huyu mtoto.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kunyoa kwa Masanja, kinyozi wa sokoni. Kabula alikuwa pale na ufagio.

"Anakusanya za mbolea," Masanja alinieleza. "Bustani ya shule."

Kwenye benchi alikaa Baba Shija, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. "Mbolea gani inafungwa kwenye bahasha?" aliuliza. "Tangu mtoto huyu aanze kufagia hapa, duara langu halitoi hata punje."

"Duara lako lilikuwa kavu kabla sijanunua mashine hii," Masanja akamtania.

Watu walicheka. Baba Shija akasimama. "Chekeni. Siku nikimjua aliyemtuma, atalia yeye na aliyetumwa."

Mchana, Kabula akiwa mlangoni, nilivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Lilijaa bahasha, kila moja na jina na kazi ya mwenye nywele. Ya juu kabisa ilikuwa yangu, ya asubuhi ile ile.

"Hata mimi, Kabula?"

Hakukimbia. Alisema zebaki ikiingia mwilini huacha alama kwenye nywele. Mwalimu wake wa kemia alikuwa amepata maabara Mwanza ya kuzipima, na huo ndio ulikuwa mradi wake wa maonyesho ya sayansi.

"Mwalimu anajua hukuomba ruhusa?"

"Nilimwambia wamekubali."

"Na mimi mbona hukuniomba?"

"Ungekubali?"

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikuomba, mjomba."

Nilikuwa na kiberiti mfukoni. Lakini nywele zikiungua mtaa mzima unasikia harufu, na nani angeamini kwamba tulichoma kazi ya shule? Nikamwambia: mwalimu wako ajue leo, na kesho utazirudisha mchana, mbele ya watu, ukisema ukweli.

Jumapili mwalimu alikuja pale kwa Masanja, akakiri kwamba alipaswa kuuliza zaidi. Kabula alipiga goti mbele ya kila mmoja. "Nilidanganya. Si mbolea, ni za kupima zebaki." Wengi walimsikiliza, wakamrudishia bahasha na kutia saini kwenye daftari lake. "Kumbe nimekuwa mwanasayansi bila mshahara," Masanja alinung'unika.

Baba Shija alifungua yake. "Hizi zina mvi. Si zangu."

"Zako hizo," alisema Masanja. "Mvi umezipata duarani."

Safari hii hata yeye alitaka kucheka, akajizuia. "Mimi sikubali," alisema, akaanza kuondoka nayo. Kabula akalifuta jina lake daftarini. "Wabeja, baba," alimshukuru.

Jioni mkewe, Mama Shija, alikuja nyumbani peke yake. "Yeye amechoma zake," alisema akifungua kilemba. "Lakini anayechoma zebaki pale jikoni ili dhahabu ibaki ni mimi, na vidole vimeanza kutetemeka. Kata."

"Nitaandika namba, mama, si jina," alisema Kabula. "Ila usingoje maonyesho. Acha kuchomea jikoni, na kesho nenda hospitali."

Dada yangu akasema atamsindikiza.

Bahasha yangu nilikuwa nimeitia mfukoni, na Alhamisi, siku niliyoondoka, ilikuwa bado imo. Kabula alinipeleka stendi bila kuigusia. Nilikuwa nimesafiri siku nne kumshuku mtoto, kumbe nilichoogopa ni kile ambacho nywele zangu zingesema juu ya miaka ile ya mialoni. Gari lilipowashwa nikampa.

"Majibu nikutumie?"

"Usinitumie."

Nilitegemea abishe. Aliandika namba, na pembeni yake: hataki majibu. Akaninyooshea daftari dirishani nisome kabla ya kutia saini.

Sijarudi Kharumwa tena. Kabula hunipigia kila mwezi, ananisalimu, ananieleza habari za shule, za mama yake na za vidole vya Mama Shija. Za nywele zangu hajazitaja hata siku moja.